Ruzuku, Mwalimu wa Somo na Ufaulu wa Mtoto (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliifuata shilingi ya ruzuku kutoka Hazina hadi shuleni. Leo tuulize: ikishafika, mtoto anajua kusoma?

Kwa Tanzania, jibu lilianza kupatikana mwaka 2013 na 2014, shirika la Twaweza lilipoendesha mradi wa KiuFunza katika shule za msingi 350 za wilaya 10. Shule zilipangwa makundi kwa bahati nasibu. Kundi moja liliwekewa katika akaunti za shule shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Katika kundi la pili, walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto atakayefaulu Kiswahili, Kiingereza na Hisabati. La tatu lilipata vyote viwili, na la nne halikupata kitu.

Fedha peke yake zilinunua vitabu na vifaa, lakini baada ya miaka miwili alama za watoto hazikupanda. Bonasi peke yake ilileta mafanikio haba. Vilipokwenda pamoja, watoto walijifunza zaidi, tena kupita jumla ya yale yaliyopatikana kila kimoja kilipotolewa peke yake. Kitabu kilihitaji mwalimu mwenye sababu ya kukifungua, na mwalimu mwenye ari alihitaji kitabu. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa mjadala wetu wa bajeti bado huishia kwenye kiasi kilichotengwa.

Na kumpa kila mwalimu somo lake je? Wengi huamini kwamba anayefundisha Hisabati tu ataifundisha vizuri zaidi. Mchumi Roland Fryer aliijaribu imani hiyo katika shule za msingi za Houston, Marekani, kuanzia mwaka wa masomo 2013/2014. Alama zilishuka. Maelezo yake ni kwamba mwalimu anayehama darasa hadi darasa huwa na wanafunzi wengi mno, hivyo hawezi kumwangalia kila mmoja kwa karibu. Sisemi hivyo kwa sekondari, ambako Fizikia inahitaji aliyeisomea. Nasema kwa wadogo wanaoanza KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu.

Mzazi, kwenye mkutano wa shule usiishie kuuliza ruzuku imetumikaje. Uliza pia nani anafundisha darasa la kwanza, ana watoto wangapi, na lini mara ya mwisho alimsikiliza wako akisoma.

Wiki ijayo: tahasusi za kidato cha tano.