Dramu kubwa la jazi: jua umri wake kabla ya kutoa fedha

KATIKA biashara ya vitu vya kale, umri ni sehemu ya bei. Mfanyabiashara wa Nyakasimbi au Omurushaka akiletewa dramu kubwa lenye ngozi iliyokauka na kuambiwa kuwa ni "la wakati wa Mjerumani", anauziwa vitu viwili: chombo na habari zake. Chombo anakiona. Habari lazima azipime mwenyewe.

Madramu haya yaliingia Afrika Mashariki kupitia bendi za majeshi, polisi, misheni na shule. Ngoma ya beni, iliyoanza pwani miaka ya 1890, ilieneza mtindo wa bendi ya kijeshi hadi bara. Baadaye zikaja bendi za dansi zilizojiita jazi. Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932. Kwetu neno jazi lilikuwa na maana ya bendi ya dansi, hivyo kuandikwa kwake kwenye ngozi si ushahidi kwamba dramu limetoka Marekani.

Lilipigwa vipi?

Swali la kwanza ni kama dramu lilibebwa au liliwekwa chini. La gwaride huwa na ndoana za mkanda wa begani, na mengi ya zamani hukazwa kwa kamba. La dansi huwa na miguu ya chuma ya kulizuia lisiteleze, na pete yake ya mbao huwa imebonyea sehemu ya chini, pale kanyagio lilipobanwa. Tazama pia matundu ya kushikia tuwazi juu. Mapiga dramu wa miaka ya 1920 walikuwa wakiweka balbu ya umeme ndani ili ngozi isilegee kwa unyevu na picha iliyochorwa mbele ionekane. Mabaki ya soketi au tundu la waya ni dalili njema.

Kisha pima kipenyo. Madramu ya jazi ya miaka ya 1920 yalikuwa makubwa kama ya gwaride. Inchi 28 lilikuwa jambo la kawaida. Baada ya Vita Kuu ya Pili inchi 22 na 20 zilienea, na ya inchi 18 yakafuata kwa bendi ndogo. Lakini kipimo peke yake hakitoshi, kwani bendi za gwaride ziliendelea kutumia makubwa.

Nembo ina mpaka

Nembo ya kiwanda husaidia zaidi kukwambia dramu HALIWEZI kuwa la lini. Premier ilianzishwa London mwaka 1922. Hakuna Premier ya kabla ya hapo. Jina la Boosey & Hawkes lilitokana na kampuni mbili kuungana mwaka 1930. Nembo ya WFL ni ya William F. Ludwig, aliyeanzisha kampuni hiyo Chicago mwaka 1937 baada ya jina la Ludwig kuuzwa. Alilinunua tena mwaka 1955. Ludwig yenye namba kwenye nembo haitangulii mwishoni mwa 1963.

Kuhusu "la Mjerumani": utawala wa Wajerumani katika eneo hili ulikwisha mwaka 1916. Dramu lenye maandishi yanayotaja Ujerumani Magharibi limetengenezwa kati ya 1949 na 1990, hata muuzaji aape vipi.

Chuma, mbao na ngozi

Skrubu za nyota zilianza kuuzwa mwaka 1936. Zikiwa ndizo za asili, dramu ni la baada ya hapo. Zikiwa ngeni, utaona alama za matundu ya zamani pembeni. Chungulia ndani kwa tochi utafute mhuri wa tarehe, na uone kama mbao zimetobolewa na bungua.

Ngozi ya plastiki ilienea kuanzia 1957. Hata hivyo ngozi hubadilishwa mara nyingi, hivyo inaonyesha umri wake yenyewe tu. Vivyo hivyo maandishi: jina la NUTA Jazz haliwezi kutangulia 1964, ilipoundwa NUTA, lakini dramu lililobeba jina hilo laweza kuwa la zamani zaidi. Usioshe, usipake rangi, wala usitupe ngozi iliyochanika. Mnunuzi makini hulipia alama hizo.

Hesabu yake

Tuchukue mfano. Muuzaji anataka shilingi 400,000. Bendi ingelinunua kwa shilingi 150,000 kwa ajili ya kupigia tu. Shilingi 250,000 zinazozidi ni bei ya umri. Ukitumia shilingi 80,000 kulisafirisha hadi Dar es Salaam, na huko ikagundulika kuwa umri si wa kweli, utapata 150,000 na kupoteza 330,000. Kwa hiyo usilipe zaidi ya bei ya kupigia mpaka dalili tatu zisizotegemeana, kwa mfano nembo, skrubu na alama za kanyagio, ziwe zimekubaliana.

Jambo la mwisho: usichanganye chombo cha kiwandani na ngoma za jadi. Ngoma za watawala wa Karagwe zilikuwa alama ya utawala, na vitu vya kale vya nchi vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Ukiletewa ngoma ya aina hiyo, uliza serikalini kabla ya kugusa pochi. Kwa dramu la jazi, andika vipimo, piga picha za nembo na za ndani, na umwambie muuzaji atoe maelezo ya maandishi juu ya mwenye nalo wa kwanza. Asiyekubali kuandika, mlipe bei ya kupigia tu.