Kelele za Redio Katika Gari Kuukuu

Wasikilizaji, na ninyi mtakaoyasoma maneno haya kitabuni, leo twazungumza habari ya gari kuukuu lenye redio. Mtu atoka Kilindoni aenda Ras Mkumbi, ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Mafia, naye ataka kusikia habari za upepo na bahari apate kuwaambia wavuvi wa Bweni. Injini ikizimwa, sauti ni safi. Ikiwashwa, msemaji humezwa na mlio wa ta-ta-ta. Wengi husema, "Redio imekufa," wakanunua nyingine. Hiyo mpya nayo hulia vile vile.

Sababu yake ni hii. Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi, na kila cheche ya umeme hutupa mawimbi angani. Heinrich Hertz wa Ujerumani alilithibitisha jambo hilo katika mwaka wa 1887, na simu za upepo za kwanza zilitumia cheche tu. Mafia yenyewe yayajua mambo hayo: Julai 1915 eropleni ya Waingereza iliyoruka kutoka kisiwani ilituma habari kwa simu ya upepo, ikaelekeza mizinga iliyoiharibu manowari ya Kijerumani, Königsberg, katika mdomo wa Rufiji. Basi kila plagi ni kituo kidogo cha kutangaza, ila hakina la kusema. Injini ya dizeli haina cheche, kwa hiyo haina mlio huo.

Mwili wa chuma wa gari ungeweza kuyafungia mawimbi hayo kama kuku tunduni, kama vipande vyake vyote vingekuwa kitu kimoja kwa umeme. Lakini injini imekaa juu ya mipira, na boneti imeshikwa na bawaba zilizopakwa rangi. Mpira na rangi havipitishi umeme. Tena mwili huo ndio njia ya umeme kurudi betrini. Waya unaounganisha injini na mwili, ambao mafundi huuita eathi, ukilegea au ukishika kutu, kelele huzidi.

Hapa kwetu pwani adui ni chumvi. Land Rover ya zamani ina mwili wa alumini juu ya fremu ya chuma. Metali mbili zikigusana penye maji ya chumvi, alumini huliwa, ikaacha unga mweupe katikati. Kwa macho bolti imekaza. Kwa umeme pana ukuta.

Chunguza kwanza kwa masikio. Mlio wa ta-ta-ta unaokwenda mbio pamoja na injini ni wa plagi. Mluzi mwembamba unaopanda na kushuka ni wa dinamo. Mkwaruzo wakati wa kupita mashimoni ni kiungo kilicholegea. Kisha chomoa waya wa antena nyuma ya redio: kelele ikikoma, yaja kwa njia ya hewa, ikiendelea, yaja kwa waya wa umeme.

Dawa ya kwanza haina gharama. Fungua betri, kisha ufungue kila kiungo cha eathi na mguu wa antena, usugue kwa msasa hata metali ing'ae, kaza, halafu paka grisi juu ili chumvi isiingie. Ongeza waya mpana wa kusukwa kutoka injini hadi fremu, na mwingine kwenye boneti. Mlio wa plagi ukibaki, nunua nyaya za plagi zenye kizuizi ndani. Mluzi ukibaki, funga kondensa katika mguu mkubwa wa dinamo, wala usiufunge kabisa katika mguu wenye alama F, maana utaharibu kidhibiti cha umeme.

Jambo moja zaidi kwa mwenye redio mpya. Magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yalifungwa eathi upande wa chanya, si hasi. Tazama betri kwanza: redio ya siku hizi ikiunganishwa kinyume, huungua papo hapo.