Jagwa, Mbwa na Mti



Wengine wetu tunajua mbwa wa Bambuti kule Ituri. Mbwa huyu habweki, kwa hiyo mwenyewe anamfunga kengele ya mti shingoni, ili watu wa nyavu wasikie anapita wapi. Lakini inchini Brazili iko kazi ambayo mbwa asiyebweka hawezi kuifanya: kufuata jagwa porini. Leo tutazame kazi hii inafanyika namna gani, na juu ya nini mbwa walewale waliosaidia kumwua jagwa wamesaidia kisha kumlinda.

Jagwa ni nani? Ni ndugu ya chui wetu. Viduara vya ngozi yake vinafanana na vya chui, lakini ndani ya vingi utaona vidoa vidogo. Mwili wake ni mnene, na taya zake ni za kutisha: anaweza kuua kwa kutoboa fuvu la kichwa. Katika Pantanal, inchi ya mabwawa, nyasi na visiwa vya msitu upande wa magharibi ya Brazili, dume kubwa anapita kilo 100. Kule iko ferma nyingi za ngombe, na jagwa anakula ngombe. Ndiyo sababu wenye ferma walifuga mbwa wa kumwinda.

Kwanza, pua. Kazi inaanza mbele ya jua kutoka. Wakati wa umande na baridi harufu inakaa udongoni; jua likipanda, inapotea. Tena mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Anapoza mwili kwa kuhema, ulimi nje. Akikimbizwa sana mchana anaweza kufa na joto. Walimu wa biolojia wanatufundisha kwamba pua ya mtu ina karibu chembe milioni 5 za kunusa. Pua ya mbwa wa kuwinda ina zaidi ya milioni 200. Kumbe sisi mbele yake tuko kama vipofu.

Mbwa wanakwenda wamefungwa kamba mpaka mwindaji aone alama mpya ya mguu. Hapo anafungua kwanza kiongozi, yule mbwa mzee mwenye akili. Vijana wanamfuata. Shida ni hii: mbwa kijana anapenda kukimbilia kila harufu. Leo paa, kesho nguruwe wa mwitu. Na nguruwe wale wanatembea kundi kubwa. Wakigeuka, wanapasua mbwa. Basi mbwa anafundishwa kuacha harufu zote na kushika moja tu. Hiyo inaomba wakati mrefu na uvumilivu mwingi.

Pili, sauti. Pori ni zito, mtu haoni mbwa wake, anawasikia tu. Wakiwa njiani wanalia sauti ndefu inayokwenda mbali. Jagwa akiingia mtoni, maana anajua kuogelea sana, sauti inakatika; mbwa wanazunguka ng'ambo mpaka wapate harufu tena. Kisha, kwa ghafula, sauti inabadilika: inakuwa fupifupi, bila kupumzika, mahali pamoja. Mwindaji anajua: jagwa amesimama.

Tatu, mti. Mtu atauliza: nyama wa kilo 100 anakimbia mbwa wa kilo 30 juu ya nini? Jibu ni kwamba jagwa ana mwili wa kurukia, si wa mbio ndefu. Anachoka upesi. Kelele ya mbwa wengi inamsumbua, na akipanda mtini mbwa hawawezi kumfikia. Ila hajui kwamba nyuma ya mbwa iko mtu. Mti unaomwokoa na meno haumwokoi na risasi. Lakini si kila mara anapanda. Mara nyingine anageuka, anaweka mgongo kwenye kichaka, na mbwa anayekaribia anakufa kwa pigo moja. Mwindaji akichelewa, anakuta mbwa wake wamelala katika damu.

Watu wengi walipenda mchezo huu. Theodore Roosevelt, aliyekuwa Prezida wa Marekani mpaka 1909, aliwinda jagwa na mbwa katika Pantanal kwenye safari yake ya 1913–1914. Sasha Siemel, mzaliwa wa Latvia, alijifunza kwa Joaquim, mzee wa kabila la Guató, kumwua jagwa kwa mkuki wakati mbwa wanamzunguka. Kisha ikaja biashara ya ngozi. Katika miaka ya 1960 ngozi nyingi sana ziliuzwa Ulaya na Marekani kwa makoti ya mabibi. Brazili ilikataza kwa sheria ya 1967, na mapatano ya inchi nyingi juu ya biashara ya nyama wa pori yakaanza kazi 1975. Hata hivyo wengine wanaendelea kuua kwa siri.

Mwaka wa 1977 mtaalamu George Schaller alianza kuchunguza jagwa wa Pantanal, na Peter Crawshaw wa Brazili akatumika naye. Lakini utamchunguza namna gani nyama asiyeonekana? Basi katika uchunguzi wa namna hii mbwa wa jagwa wakaitwa tena, pamoja na watu waliojua kuwaongoza. Pua ni ileile, sauti ileile, mti uleule. Ila sasa bunduki inatupa sindano ya usingizi. Mbwa wanafungwa mbali. Jagwa analala, watu wanamfunika macho, wanampima, wanamvika mkanda wenye radio shingoni, kisha wanamwacha aamke aende zake. Kwa njia ya radio walijua kwamba jike anatembea katika eneo la kilometa za mraba 25 hadi 38, na dume zaidi ya mara mbili ya hiyo. Kwa hiyo ukikata msitu vipande vidogo, umemfukuza jagwa bila kupiga risasi hata moja.

Ndugu zangu, kwetu Kongo pia chui analindwa kabisa na sheria, lakini ngozi yake bado inatamaniwa. Mwanzo sura ya 2 inatuambia mtu aliwekwa bustanini kwa kazi gani: kuilima, na pia kuitunza. Mbwa hana kosa. Anafuata harufu aliyofundishwa, anapiga kelele chini ya mti, anangoja bwana wake afike. Neno lote liko katika kile ambacho bwana huyo ameshika mkononi.