Sura ya Kijana Mikononi mwa Watu

Yapo malalamiko ambayo kila mzee wa Jang'ombe anayajua kwa moyo: kwamba vijana wa leo hawana haya, kwamba wanajipiga picha asubuhi na jioni, na kwamba kila wanachokula na wanachovaa hukipeleka katika mitandao ya kijamii kikatazamwe na watu wasiowajua. Malalamiko hayo hayakosi ukweli. Lakini mlalamikaji hana budi atazame kwanza ukuta wa sebule yake.

Aghlabu hapo ukutani pana picha ya kijana aliyesimama kando ya kiti, mkono mmoja kiunoni, saa ya kuazima ikionekana sawasawa, na suruali ya bugaluu ikifagia sakafu. Picha za namna hiyo zilipigwa katika studio za Mji Mkongwe, na mashuhuri miongoni mwake ni Capital Art Studio, ambayo Ranchhod Oza aliifungua mwaka 1930 na mwanawe Rohit akaiendeleza. Wala bugaluu haikuvaliwa kwa amani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Serikali ya Mapinduzi iliipiga vita pamoja na sketi fupi, na volantia wakawa wanawaandama wavaaji mitaani. Huko Bara nako Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana mwaka 1968 kwa shabaha hiyohiyo. Huenda aliyeponea chupuchupu siku zile ndiye leo anayemwita mjukuu wake mhuni.

Tukirudi nyuma zaidi twaona kwamba Ng'ambo, upande ambao Jang'ombe imo, imejengwa na watu waliojua vyema thamani ya kuonekana. Amri ya kufuta utumwa ilitolewa hapa Unguja mwaka 1897, na wengi walioachwa huru wakafanya maskani yao upande huu. Kaniki ilikuwa ndiyo nguo ya mtumwa. Mwanamke aliyeivua akajitanda khanga, na baadaye akavaa buibui, alikuwa akimtangazia kila aliyepishana naye njiani kwamba sasa hana bwana wa kumtuma. Hakufungua kinywa, na wote walisikia. Nani atathubutu kusema kwamba mwanamke yule alikuwa akijishaua bure?

Kisha, mwanzoni mwa karne ya 20, khanga zikaanza kuandikwa majina, na hapo pakazaliwa ufundi ambao wanawake wa pwani hawajapata kushindwa. Mtu hununua khanga kwa ajili ya jina lake, akapita nayo mbele ya mlango wa jirani mara mbili tatu, na aliyekusudiwa akapata salamu zake. Akilalamika huambiwa kwamba hii ni nguo tu. Msichana anayeweka maneno katika WhatsApp, yale yanayoondoka baada ya saa 24, yakimlenga shoga yake mmoja huku yakisomwa na wote, anaifanya kazi ileile ya bibi yake. Akiulizwa, hujibu vilevile: kwani nimemtaja mtu?

Wapo waliopata faida ya haki. Vijana wa makachu wa Forodhani ni mfano ulio karibu. Kujirusha baharini kutoka ukutani ni mchezo wa watoto wa pwani tangu hapo. Simu ndiyo iliyozipeleka pindu zao nchi za mbali, wageni wakaja kuwatazama na kuwatunza. Na mtaa uliopeleka timu mbili katika Kombe la Mapinduzi la mwaka 2017, Jang'ombe Boys na Taifa ya Jang'ombe, haukuanza leo kupenda kutazamwa.

Kwa hiyo tamaa ya kijana si ngeni. Kilichobadilika ni njia inayopita picha yake. Picha ya studio ilikuwa na filamu yake kwa mpiga picha na nakala chache nyumbani, zimefungwa ndani ya albamu iliyotolewa siku ya harusi au alipofika mgeni. Walioitazama walimjua mwenyewe, walimjua mama yake, na walijua kwamba ile saa si yake. Kwa sababu hiyo walimcheka kidogo wakamsamehe. Picha ya leo hunakiliwa kwa kugusa kidole. Haigeuki manjano, haipotei wakati wa kuhama nyumba. Tena kampuni zenye mitandao hiyo, mfano Meta inayomiliki Facebook, Instagram na WhatsApp, huishi kwa matangazo ya biashara, na katika kurasa za Facebook na Instagram programu zake husogeza mbele kile kinachowazuia watu wasiondoke machoni pa simu. Fedheha huwazuia watu kuliko wema.

Na fedheha hiyo ina mtu wake. Mvulana akionekana mtandaoni kifua wazi, huambiwa ni utoto. Msichana akimpelekea mtu mmoja picha, mtu aliyemwamini, kisha wakagombana, picha hiyo inaweza kuingia katika makundi ya simu kabla ya adhuhuri, na kufika alasiri skuli nzima imeiona. Kinachofuata kinajulikana katika mitaa yetu: simu hunyang'anywa, skuli hukoma, na mara nyingine mume hutafutwa kwa haraka ili jambo lifunikwe. Wasichana wenyewe wamekwisha jifunza kujihami. Wapo wanaoweka picha ya ua mahali pa sura yao, na wapo wanaoonyesha nusu ya uso, nusu ya pili ikiwa ndani ya mtandio. Wanajitahidi. Lakini hakuna mtandio unaomkinga mtu na aliyemwamini.

Hapa ndipo sisi watu wazima tunapostahili kuulizwa. Wanaume wanaolaani maadili barazani baada ya Isha, wamo miongoni mwao waliosema mchana, "Nirushie na mimi." Kila aliyeomba arushiwe, na kila aliyerusha, amelibeba jambo lile hatua moja mbele, naye hulala salama kwa kuwa lawama imekwisha kupata mwenyewe.

Sheria haimtazami hivyo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayotumika Bara na Zanzibar, inakataza kutuma ujumbe kwa mtu kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtia simanzi, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Sheria hiyohiyo inakataza pia kusambaza picha za ngono kwa njia ya mtandao. Hata hivyo, familia iliyopatwa na msiba huo aghlabu huona haya kwenda kituo cha polisi, ambako picha italazimika kuonyeshwa tena. Huenda kwa sheha. Wazazi wa pande mbili huketi, maneno ya heri husemwa, msichana huonywa ajitunze, na simu iliyoanza kuirusha ile picha hurudi mfukoni mwa mwenyewe bila ya mtu yeyote kuifungua.