Sarakasi, Mazingaombwe na Kugeuzwa: Tatizo la Kisemantiki katika Kutafsiri Hadithi za Hema la Ajabu

Katika fasihi ya Kimagharibi umo mkondo wa hadithi zinazosimulia kundi la wachezaji wa ajabu linaloingia usiku katika mji mdogo na kupiga hema. Siku linapoondoka, watu wa mji si wale tena. Mfano maarufu ni riwaya ya Ray Bradbury, Something Wicked This Way Comes (1962), ambamo bembea ya farasi wa kuzunguka humzeesha anayeipanda au kumrudisha utotoni, kutegemea upande inakozungukia. Mwalimu anayetaka kumfikishia hadithi ya namna hiyo mwanafunzi wa sekondari wa Miyuji, mjini Dodoma, atakwamishwa kwanza na neno linaloonekana jepesi kuliko yote: sarakasi.

Neno hilo kwa kawaida huhesabiwa kuwa mkopo wa moja kwa moja kutoka Kiingereza. Umbo lake linatia shaka. Kiingereza sanifu cha Uingereza hakitamki r inayofuata irabu katika silabi moja, na mikopo iliyopokewa kwa sikio inashuhudia hivyo: nesi, sketi, shati. Kwa kanuni hiyo lingetarajiwa umbo kama sekasi au sakasi. Tahajia ya Kiingereza nayo, kama ndiyo iliyofuatwa, ingezaa i katika silabi ya kwanza. Sarakasi inalingana zaidi na sarkas ya Kihindi na Kigujarati, lugha zilizokwisha kukipa Kiswahili msamiati mwingi wa mjini. Mfuatano wa rk umevunjwa kwa kuchopekwa irabu, kama ulivyovunjwa katika serikali, neno lenye asili ya Kiajemi, na i ya mwisho ni ile ile ya basi na nesi.

Hata hivyo, tatizo la mfasiri limo katika maana zaidi kuliko umbo. Sarakasi ya Ulaya, tangu Philip Astley alipoanza maonyesho yake London mwaka 1768, ilikuwa kwanza uwanja wa duara wenye farasi. Baadaye ikajumuisha wanyama wengine, wachekeshaji, hema na safari. Tanzania iliupokea msamiati huu, lakini ikaujaza kwa mkondo mwingine. Katika miaka ya 1960 vijana walipelekwa China kujifunza michezo ya viungo. Mwaka 1969 kikawapo kikundi cha taifa cha sarakasi. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981, kiliendeleza mafunzo hayo, na vikundi vya miaka ya 1980 kama Muungano na DDC Kibisa vikaiweka sarakasi kuwa kipengele kimoja katika onyesho lenye ngoma, taarabu na vichekesho. Farasi, simba na hema havikuwamo.

Matokeo yake yanaonekana katika sarufi. Msemaji husema kijana anaruka sarakasi au anacheza sarakasi, yaani neno linataja tendo la mwili. Akitaka kuitaja taasisi, hulazimika kuongeza nomino nyingine: kikundi cha sarakasi kimekuja Miyuji. Sentensi sarakasi imepiga hema Miyuji inaeleweka, lakini inanuka tafsiri. Zaidi ya hayo, sarakasi kwa Mtanzania haina siri. Ajabu yake ni ya jasho: mnara wa watu hujengwa mchana kweupe, na kila mtazamaji huona goti linalotetemeka.

Siri imekaa kwingine, katika mazingaombwe na kiinimacho. Tofauti ya maneno haya matatu hujitokeza vizuri katika lugha ya siasa, ambayo mkazi wa Dodoma, mji wa Bunge, haikosi. Mjadala ukiitwa sarakasi, mlaumiwa ni mtu anayepindapinda hoja hadharani. Hesabu zikiitwa mazingaombwe, kuna mkono uliofichwa. Ahadi ikiitwa kiinimacho, kilichoonekana hakikuwapo kabisa. Hadithi ya hema la ajabu inahitaji maana ya pili, na mara nyingine ya tatu. Ya kwanza haiitaki.

Kitenzi nacho ni mtego. Watu walibadilika ni tafsiri salama mno, kwani kauli ya kutendeka humwondoa mtenda. Mtu hubadilika hata kwa umri. Waligeuzwa humrudisha mtenda bila kumtaja, na ukimya huo ndio unaoogopesha. Mfasiri mwenye hamu ya kuonja uenyeji huweza kwenda mbali zaidi na kuandika kwamba watu walichukuliwa misukule. Hapo atakuwa amekosea. Msukule una maelezo yake kamili katika imani za Watanzania: mchawi, mwili uliofichwa, kazi za usiku. Neno hilo moja hujibu swali ambalo hadithi ililiacha wazi kwa makusudi.

Suala la wageni ni gumu kuliko yote. Katika muheme ya Wagogo, mpiga ngoma ni mtu ambaye ukoo wake unajulikana. Hofu ya hadithi hizi hutokana na wachezaji wasio na kwao. Mgeni ni neno la ukarimu, lenye methali nyingi nyuma yake, na halitoshi. Watu wasiojulikana lingefaa kwa maana yake ya msingi, lakini tangu 2017 fungu hilo limebeba uzito wa kisiasa nchini kiasi kwamba msomaji ataacha hema na kufikiria magari. Watu wasio na kwao ni pendekezo lenye madhara machache: ni Kiswahili cha kila siku, na linagusa ukoo, mahali ambapo msomaji wa Ugogo huanzia kumtambua mtu.

Kwa kundi lenyewe, kikundi cha mazingaombwe kinafaa kutangulia katika sura ya kwanza, na sarakasi ibakie kwa wale vijana wachache ndani ya hema wanaoruka kweli.