Nintendo: Fundi wa mitambo ya karata aliyeifanya dunia icheze kwa betri nne

Msikilizaji, kama umewahi kuiacha simu yenye kioo kikubwa na kuchukua ile ya vitufe kwa sababu inakaa na chaji siku nne, basi utamwelewa haraka Gunpei Yokoi. Alikuwa fundi wa Kijapani katika kampuni ya Nintendo. Jina lake halitajwi sana nje ya Japani, ingawa vifaa alivyovibuni vilinunuliwa na zaidi ya watu milioni 100. Hii ni habari ya kampuni hiyo na ya watu waliotengeneza gemu zake, na yeye ndiye tutakayekaa naye zaidi.

Nintendo haikuanza na umeme. Ilianzishwa mwaka 1889 mjini Kyoto na Fusajiro Yamauchi, aliyekuwa akitengeneza karata za Kijapani zinazoitwa hanafuda. Karata hizo ni 48, hazina namba, zina picha za maua na miti ya miezi 12 ya mwaka. Zilitengenezwa kwa mkono, na wateja wake wakubwa walikuwa wacheza kamari. Mcheza kamari hapendi karata kuukuu, maana ikishapata alama mgongoni mjanja ataitambua. Hivyo biashara ilikwenda.

Mwaka 1949 kampuni ilishikwa na kitukuu cha mwanzilishi, Hiroshi Yamauchi, kijana aliyeacha masomo ya chuo kikuu baada ya babu yake kuugua. Alikuwa mkali, na alikuwa na wasiwasi. Katika miaka ya 1950 alikwenda Marekani kuitembelea kampuni kubwa kuliko zote ya karata, akakuta ofisi zake ni za kawaida tu. Akajiuliza: kama huyu ndiye mkubwa wa dunia, mimi nitafika wapi kwa karata? Akajaribu biashara ya teksi. Akajaribu kuuza wali wa kuandaa haraka. Zote hazikumlipa.

Mkono wa vijiti

Yokoi aliajiriwa mwaka 1965. Alikuwa amesomea elektroniki, lakini kazi aliyopewa ilikuwa kuitunza mitambo ya kutengeneza karata. Haikuwa kazi ya kumchosha. Katika muda wake wa ziada akajitengenezea kitu cha kuchezea: vijiti vilivyopishana kama mkasi, ukibana mpini huku, mkono unarefuka kule na kudaka kitu. Bosi akamwona nacho. Yokoi akaitwa ofisini, akijua anakwenda kukaripiwa kwa kuchezea muda wa kazi. Badala yake Yamauchi akamwambia akigeuze kiwe bidhaa. Kiliuzwa mwaka 1966 kwa jina la Ultra Hand, na vikanunuliwa zaidi ya milioni moja. Kuanzia hapo fundi wa mitambo akawa mbunifu wa vifaa vya kuchezea.

Miaka zaidi ya kumi baadaye, akiwa ndani ya treni ya mwendo kasi, alimwona mfanyakazi wa ofisi aliyechoshwa na safari akibonyezabonyeza kalkuleta ili kupoteza muda. Yokoi akawaza: vipi kama mtu huyu angekuwa na gemu dogo la kuingia mfukoni?

Hapa panahitaji maelezo kidogo. Wakati huo kampuni za Japani, Sharp na Casio zikiwa mbele, zilikuwa zimeshindana kwa miaka kutengeneza kalkuleta za bei ya chini. Matokeo yake vioo vyake na vijisehemu vya ndani vilikuwa vimeshuka bei sana. Kwa wahandisi wengi hiyo ilikuwa teknolojia iliyopitwa na wakati. Yokoi aliita teknolojia ya namna hiyo "iliyonyauka", kama jani, na akaipenda kwa sababu hiyo hiyo: ni rahisi, haili umeme mwingi, na kasoro zake zinajulikana. Kazi ya mbunifu, kwa maoni yake, ni kuitazama kwa pembeni na kuuliza inaweza kufanya nini kingine. Mafundi wetu wanaokata tairi la gari na kushona makatambuga wanaijua fikra hiyo, isipokuwa Yokoi hakutumia mabaki. Alinunua vipya vilivyokuwa rahisi.

Mwaka 1980 likatoka Game & Watch: gemu moja, na saa pembeni, kwenye kioo cha aina ile ya kalkuleta. Yaliuzwa zaidi ya milioni 43. Kwa toleo moja la mwaka 1982 Yokoi alihitaji njia ya kuelekeza juu, chini, kushoto na kulia bila kijiti cha kushika, maana kijiti kinakwama mfukoni. Akabuni kitufe chenye umbo la msalaba, cha kubonyezwa kwa dole gumba. Shika kidhibiti chochote cha gemu leo, utakikuta au utaikuta jamaa yake. Hata kitufe cha kuelekeza kwenye simu ya vitufe kinafanya kazi ile ile.

Sokwe na seremala

Wakati huo Nintendo ilikuwa na tatizo Marekani. Ilikuwa imepeleka mashine kubwa za gemu, zile za kutumbukiza sarafu, na nyingi zilikuwa zimebaki ghalani bila mnunuzi. Yamauchi akataka gemu jipya la kuwekwa ndani ya mashine zile zile. Kazi ikampata kijana aliyesomea usanifu wa bidhaa, Shigeru Miyamoto, chini ya usimamizi wa Yokoi. Miyamoto hakuwa mtaalamu wa kompyuta. Alichora hadithi: sokwe amemteka msichana, anarusha mapipa, na seremala mfupi anapanda ngazi kumwokoa. Hilo ndilo Donkey Kong, la mwaka 1981.

Seremala huyo ndiye Mario. Alipewa masharubu na kofia kwa sababu ya ufinyu: mchoro ulijengwa kwa vidoto vichache mno, mdomo na nywele visingeonekana vizuri. Jina lake lilitokana na Mario Segale, mwenye nyumba aliyeipangisha Nintendo ghala lake Marekani.

Mwaka 1983 ikaja Famicom, mashine ya kuunganisha na televisheni nyumbani, iliyosanifiwa na kundi la mhandisi Masayuki Uemura. Mwaka huo huo soko la gemu la Marekani liliporomoka, maduka yakajaa gemu mbovu zisizonunulika, na wengi wakaamini biashara hiyo imekwisha. Nintendo iliingia huko mwaka 1985. Mashine zilizouzwa duniani zilikaribia milioni 62. Super Mario Bros. ya Miyamoto na mwenzake Takashi Tezuka peke yake iliuzwa zaidi ya nakala milioni 40. Ukumbuke pia kwamba hesabu hiyo haihusishi zile za kuigwa, zilizotengenezwa kwa wingi Asia na kuuzwa kwa bei ndogo katika nchi nyingi. Gemu la kaseti ulilolichezea sebuleni kwa jirani huenda lilikuwa moja ya hizo.

Betri nne dhidi ya sita

Sasa turudi kwa Yokoi. Mwaka 1989 kundi lake lilitoa Game Boy, gemu la mkononi la kubadilisha kaseti. Kioo chake hakikuwa na rangi, kilikuwa cha kijanikijani tu, na hakikuwaka taa. Washindani walikuja na vioo vya rangi vyenye mwanga: Lynx ya Atari mwaka huo huo, kisha Game Gear ya Sega. Inasimuliwa kwamba wenzake walipomletea habari ya mshindani, Yokoi aliuliza kama kifaa hicho kina rangi. Walipojibu ndiyo, akawaambia wasiwe na hofu.

Alikuwa amepiga hesabu ya betri. Game Boy ilitumia betri nne za AA, zile za saa ya ukutani, na ikacheza zaidi ya saa 10. Game Gear ilitaka sita na kuzimaliza kwa saa tatu hadi tano. Mtoto anayenunuliwa betri na mzazi hawezi kushindana na hesabu hiyo, na mzazi ndiye kwanza. Bei nayo ilisaidia: Marekani Game Boy iliuzwa chini ya dola 90, Lynx karibu dola 180. Ndani ya boksi lake huko Marekani kulikuwa na Tetris, gemu la vipande vinavyoanguka lililobuniwa mjini Moscow na Alexey Pajitnov, ambalo halihitaji rangi hata kidogo. Pamoja na toleo la rangi lililofuata, Game Boy ziliuzwa zaidi ya milioni 118.

Mtu huyo huyo ndiye aliyeanguka vibaya. Mwaka 1995 alitoa Virtual Boy, kifaa cha kuchungulia kama darubini, chenye picha nyekundu juu ya giza. Watu walilalamika kuumwa kichwa. Hazikuuzwa hata milioni moja, na uzalishaji ukasimamishwa ndani ya mwaka. Yokoi aliondoka Nintendo mwaka 1996, baada ya miaka 31, akafungua kampuni yake ndogo iitwayo Koto. Tarehe 4 Oktoba 1997 alipata ajali ndogo barabarani, akashuka kwenye gari, na gari jingine likamgonga. Alikuwa na miaka 56. Kifaa cha mwisho alichokishughulikia, WonderSwan, kiliuzwa na kampuni ya Bandai mwaka 1999. Kilitumia betri moja.

Nintendo haikuisahau fikra yake. Chini ya Satoru Iwata, mtengenezaji wa gemu aliyekuwa rais wa kampuni kuanzia mwaka 2002, ilitoa Wii mwaka 2006. Kwa nguvu za kompyuta ilikuwa dhaifu kuliko mashine za Sony na Microsoft, ila mchezaji aliinua mkono na kupiga mpira hewani, na hata bibi na babu wakacheza. Ziliuzwa zaidi ya milioni 100. Iliyofuata, Wii U, haikupata wanunuzi, na mwaka 2014 Iwata alijikata nusu ya mshahara wake kwa miezi mitano. Alifariki mwaka 2015.

Kampuni bado iko Kyoto na bado inauza karata za hanafuda. Oktoba 2024 ilifungua jumba la makumbusho katika mji jirani wa Uji, ndani ya kiwanda chake cha zamani, na wageni wanaruhusiwa kuujaribu ule mkono wa vijiti.