Wimbo Huhama, Sauti Haihami

Software Creations ya Manchester, Uingereza, ilikuwa studio huru: haikumilikiwa na watengenezaji wa mashine yoyote. Iliishi kwa kazi za mkataba, na gemu zake zilitoka kwa kompyuta au konsoli yoyote aliyoitaka mteja. Mtunzi wake, Tim Follin, aliingia kazini katikati ya miaka ya 1980 akiwa bado kijana wa shule, na muziki wake, mwingine akiutunga na ndugu yake Geoff, ulipita kwenye mashine ambazo hazikukaribiana hata kidogo. Ukiufuatilia muziki huo toka mashine moja hadi nyingine, unabaini jambo ambalo prodyuza wa Ifakara au Sanje, anayetengeneza biti kwa kompyuta yake, atalihitaji siku atakayopewa kazi ya gemu. Kinachohama ni utunzi, yaani tuni, mdundo na namna sehemu zinavyoitikiana. Sauti yenyewe lazima iundwe upya kila inapofika.

Mashine fukara kuliko zote katika safari hiyo ilikuwa ZX Spectrum ya kilobaiti 48. Haikuwa na chipu ya muziki kabisa. Spika yake ilipokea amri mbili tu, washa na zima, na noti ilipatikana kwa kurudia amri hizo mara nyingi ndani ya sekunde moja: ukirudia haraka noti inapanda, ukipunguza kasi inashuka. Katika Agent X ya 1986 na Chronos ya 1987, Follin aliandika programu iliyozibadilisha amri hizo kwa kasi kubwa hata sikio likasadiki kwamba ala kadhaa zinapigwa kwa pamoja. Gharama yake haikuwa ndogo, kwa sababu prosesa ilimezwa na muziki na haikubakiwa na nguvu ya kuendesha mchezo. Ndiyo maana muziki wa aina hiyo ulisikika zaidi kabla mchezo haujaanza. Konsoli ya NES ilikuwa na nafuu, lakini nayo ilikuwa na masharti yake. Ilitoa sauti tano: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya pembetatu, moja ya kelele iliyotumika kama ngoma, na moja ya vipande vifupi vilivyorekodiwa. Ile ya pembetatu, ambayo kwa kawaida ndiyo hubeba besi, haipunguzwi wala haiongezwi; ama inalia ama imenyamaza. Noti tatu za pamoja zingemaliza njia zote za tuni, hivyo watunzi wa NES walizipiga moja baada ya nyingine upesi mno kwenye njia moja. Mwangwi waliuigiza kwa kurudia tuni kwenye njia ya pili, ikiwa imechelewa kidogo na imepungua nguvu. Isikilize Solstice ya Follin ya mwaka 1990: ni vigumu kuamini kwamba mashine iliyo nyuma yake ni hiyo.

Halafu ikaja Super Nintendo, yenye njia nane, kila moja ikiweza kupiga sauti iliyorekodiwa. Katika Plok ya 1993 ala zinakaribia ala za kweli. Hata hivyo sauti zote, noti, programu ya kuzipiga na mwangwi viligawana kilobaiti 64 tu, na mtunzi aliyetaka mwangwi mrefu alilazimika kupunguza ala. Ushahidi ninaouthamini zaidi ni wa Ghouls 'n Ghosts ya 1989, kwa kuwa hapo gemu ni moja na mtunzi ni mmoja. Kwenye Commodore 64 Follin alikuwa na sauti tatu zinazoundwa na chipu yenyewe. Kwenye Amiga alikuwa na njia nne za sauti zilizorekodiwa. Hakuna faili ya sauti ambayo ingeweza kutolewa hapa ikapelekwa pale. Ilibidi aketi tena na kuamua nini kibaki mbele na nini kiachwe.

Msomaji anaweza kusema hayo ni mambo ya zamani, maana konsoli za leo hupiga rekodi yoyote utakayoipa. Ni kweli, na sitetei ufukara wa mashine. Lakini kila chombo kinachobeba muziki kina mipaka yake, na haikuanza na gemu. Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, taarabu iliyozoea kupigwa usiku kucha ililazimika kuingia katika dakika chache za upande mmoja wa santuri. Na mipaka ilipoondoka, kazi ya kupanga upya haikuondoka nayo. Wimbo wa Baba Yetu, sala iliyoimbwa kwa Kiswahili, Christopher Tin aliutunga kwa gemu ya Civilization IV ya 2005. Tuzo ya Grammy ilikuja mwaka 2011, baada ya kupangwa upya kwa albamu ya Calling All Dawns, na kipengele chenyewe kilikuwa cha upangaji wa ala zinazosindikiza waimbaji. Ukawa muziki wa kwanza uliotoka kwenye gemu kupata tuzo hiyo. Nayo studio huru ya Yacht Club Games, ilipotoa Shovel Knight mwaka 2014, ingeweza kutumia rekodi za kawaida. Mtunzi Jake Kaufman akachagua njia za NES pamoja na zile za chipu ya nyongeza ya Konami, kwa sababu alitaka muziki wenye tabia ya chombo hicho.

Kwetu chombo chenyewe ni simu. Spika yake ndogo haiwezi kusukuma sauti nzito, na ngoma kubwa ya sangula ya Wapogoro, hata ikirekodiwa vizuri namna gani, ikifika kwenye simu hubakia kishindo chepesi tu. Kuongeza sauti hakusaidii, spika inakwaruza. Dawa ni kuipa ngoma hiyo mwenzake wa juu: kofi la kiganja kwenye ngozi, au njuga zinazofuata mapigo yale yale, ili sikio liujue mdundo hata pale besi inapopotea. Hilo haliwezekani ikiwa kikundi kizima kimerekodiwa kwenye njia moja. Anayekwenda kurekodi sangula kwa ajili ya gemu atenge ngoma kubwa, ngoma ndogo, njuga na waimbaji, kila kimoja na maikrofoni yake, halafu apange mara mbili: mara moja kwa spika kubwa, na mara ya pili kwa simu.